Kitufe cha "kurekebisha ruhusa": Dawa au kiinimacho?

USIOMBE yakukute, msomaji wangu. Usiombe mama wa watu aje ofisini kwenu na mtandio mweusi kichwani, akae kwenye benchi, akwambie kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimefuata sauti ya marehemu mume wangu," halafu wewe moyoni unajua kabisa kwamba sauti hiyo huna.

Mimi yalinikuta. Ilikuwa mwaka 2018, ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne na nimechoka kukaa kijiweni, nikapata kibarua kwenye studio moja ya video za harusi maeneo ya Sinza, Dar es Salaam. Jina la studio naliacha, maana mwenyewe bado anatafuta riziki na mimi sitaki ugomvi na mtu. Kazi yangu ilikuwa kubeba taa, kukunja nyaya, kuhamisha video kutoka kwenye kadi za kamera kwenda kwenye kompyuta, na kufuata chipsi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa iMac ya mwaka 2009. Mtumba ndiyo, lakini pale mtaani iliheshimika kama gari la mkuu wa mkoa. Mteja akiiona tu mezani, bei inapanda. Tatizo lake lilikuwa moja: ilikuwa na madeko. Unafungua programu ya kuhariri video, kinatokea kile kimpira cha rangi rangi, nacho kinazunguka mpaka chai inapoa.

Bosi wetu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kila mashine ikigoma alikuwa na neno moja tu: "Dogo, hebu irekebishe ruhusa."

DAWA YA KILA UGONJWA

Basi mimi nafungua programu inayoitwa Disk Utility, nabofya jina la sehemu ya diski tunayotumia, nagonga kitufe kilichoandikwa "Repair Disk Permissions", yaani rekebisha ruhusa za diski. Hapo unaona mstari unatembea taratibu na maandishi yanashuka moja baada ya jingine: ruhusa za faili hili zimetofautiana, zilitakiwa ziwe hivi, zimekutwa vile, zimerekebishwa. Dakika kumi, dakika ishirini. Ikimaliza tunazima mashine, tunawasha, tunaendelea na kazi. Na kweli bwana, inakuwa nyepesi! Angalau mpaka saa tisa alasiri.

Kwa hiyo ikawa ndiyo dawa yetu. Printa ikigoma, ruhusa. Sauti ikikwaruza, ruhusa. Umeme wa Tanesco ukikatika na kurudi, ruhusa kwanza, mengine baadaye. Mimi mwenyewe nilikwenda kujigamba kijiweni kwamba siku hizi natengeneza kompyuta. Mshikaji wangu mmoja aliniletea mpaka simu yake eti nimrekebishie ruhusa!

Swali ni hili: kitufe kile kilikuwa kinatibu kweli, au tulikuwa tunajifariji? Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa sasa, si kwa sababu ya utaalamu (sina), ila kwa sababu ya yule mama. Nitamrudia. Kwanza tuelewane.

RUHUSA NI KITU GANI?

Mac za leo zinatumia mfumo ambao ulianza kuuzwa Machi 2001 kwa jina la Mac OS X. Mfumo huo umejengwa juu ya misingi ya Unix, mfumo wa zamani ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani. Unix ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta moja kutumiwa na watu wengi, kwa hiyo ikabidi kuwe na utaratibu wa nani afanye nini.

Chukulia nyumba ya kupanga ya vyumba sita pale Manzese. Kuna mwenye chumba, kuna watu wa kundi lake, na kuna watu baki. Kila faili kwenye kompyuta lina makundi hayo matatu. Na kila kundi linaweza kupewa au kunyimwa mambo matatu: kusoma kilichomo, kuandika, yaani kukibadili, na kukiendesha kama ni programu. Hizo ndizo ruhusa. Hakuna uchawi wala mazingaombwe.

Zikivurugika kwenye mafaili ya mfumo wenyewe, balaa lake ni la kweli. Programu inaweza kukataa kufunguka kwa sababu imenyimwa ruhusa ya kuendeshwa. Printa inaweza kuacha kuchapa kwa sababu mfumo hauruhusiwi kuandika kwenye folda ambamo kazi zake hupangwa foleni. Hata mashine nzima inaweza kushindwa kuwaka. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ruhusa ni hadithi tu.

KITUFE KILIKUWA KINAFANYA NINI HASA?

Hapa ndipo wengi tulipoteleza. Kitufe kile hakikuwa na akili ya kuchunguza ugonjwa. Kilikuwa na orodha.

Ukiingiza mfumo au programu kwenye Mac kwa kutumia kisakinishi chake, panabaki risiti. Ndiyo, risiti, kama ya dukani. Ndani ya risiti imeandikwa: faili hili liliwekwa hapa, mwenyewe ni fulani, ruhusa zake ni hizi. Ukigonga kitufe, Disk Utility ilikuwa inazisoma risiti hizo, inapita faili kwa faili, na palipotofautiana na orodha inaparudisha kama ilivyoandikwa. Basi. Kazi yake ilianzia hapo na kuishia hapo.

Turudi Manzese. Ni sawa na mwenye nyumba anayepita na mkataba wa siku ya kwanza mkononi, akihakikisha kila mlango una kufuli lile lile alilolifunga yeye. Kufuli likiwa limebadilishwa, analirudisha. Lakini hafungui sanduku lako lililoko chini ya kitanda. Hapandi kuangalia kama paa linavuja. Na ukuta ukiwa na ufa wa kupitisha ngumi, yeye ataangalia kufuli, ataandika "sawa", ataondoka.

Vivyo hivyo kile kitufe. Kilikuwa hakigusi folda yako binafsi: barua zako, picha zako, mipangilio yako, video zako za harusi. Programu uliyoiingiza kwa kuiburuta tu bila kisakinishi, nayo haimo kwenye risiti, kwa hiyo ilirukwa. Faili lililoharibika ndani, lenye ruhusa sahihi, kilikuwa kinalipita kama hakikuliona. Na diski iliyochoka ambayo inaelekea kufa, hiyo haikukihusu kabisa.

KILIKUWA NA WAKATI WAKE

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Kulikuwa na miaka ambayo kitufe kile kilistahili mshahara wake. Mac OS X ilipotoka mwaka 2001, watu wengi walikuwa na mifumo miwili kwenye mashine moja: huo mpya, na ule wa zamani wa Mac OS 9. Leo unawasha kwa mpya, kesho kwa wa zamani. Ule wa zamani ulikuwa hauzijui ruhusa hizi za Unix, kwa hiyo ulikuwa unaingia kila chumba kama nyumba ya mjomba. Juu ya hapo, programu nyingi za wakati ule zilikuwa na visakinishi vilivyoandikwa ovyo, vinabadili ruhusa za folda za mfumo bila adabu.

Ndiyo maana Apple walitoa kwanza kiprogramu cha pekee cha kurekebisha ruhusa, halafu mwaka 2002, kwenye toleo la 10.2, kazi hiyo ikaingizwa ndani ya Disk Utility. Watu walipona kweli, na wakasimuliana.

Lakini nyakati zikapita. Mac zenye vichakato vya Intel zilipoingia mwaka 2006, mfumo ule wa zamani haukuweza kufanya kazi ndani yake hata kwa dawa. Chanzo kikubwa cha ugonjwa kikaondoka, ila dawa ikabaki, na watu wakaendelea kuinywa kwa mazoea. Ilifika mahali Apple wenyewe wakachapisha orodha ya ujumbe unaotokea wakati wa kurekebisha ruhusa ambao mtumiaji anaweza kuupuuza bila madhara yoyote. Yaani ile mistari iliyokuwa inanifurahisha pale Sinza, mingi ilikuwa haina maana! Wajuzi fulani huko Marekani walikuwa wanaiita tabia hii voodoo, yaani ulozi.

Septemba 2015 likatoka toleo la 10.11, El Capitan, na kitufe kikaondolewa. Mfumo ukawekewa ulinzi ambao hata mtumiaji mwenye mamlaka yote hawezi kuzibadili ruhusa za mafaili muhimu ya mfumo kwa njia ya kawaida, na ukaguzi wenyewe ukawa unafanyika wakati mfumo unaposasishwa. Kama kufuli haliwezi kubadilishwa, mwenye nyumba anapita kukagua nini?

Sisi pale Sinza, mwaka 2018, tulikuwa bado na mfumo wa zamani wenye kitufe chake. Tukawa tunagonga tu.

KWA NINI TULIONA INAPONA?

Utaniuliza: mbona mashine ilikuwa inapata nafuu? Swali zuri. Kumbuka tulichokuwa tunafanya baada ya kugonga kitufe. Tulikuwa tunazima na kuwasha!

Kuzima na kuwasha peke yake kunaondoa programu zilizokwama, kunasafisha kumbukumbu ya kazi iliyojaa, kunaipa mashine mwanzo mpya. Nafuu ilikuwa ya kuzima na kuwasha, sifa akapewa kitufe. Ni sawa na mtu mwenye mafua anayekwenda kwa mganga siku ya sita. Siku ya saba anapona, na mganga anapata kuku.

Halafu sisi binadamu tuna kumbukumbu ya upendeleo. Siku ambayo kitufe "kilifanya kazi" tuliisimulia mtaa mzima. Siku ambazo hakikusaidia, na zilikuwa nyingi, tulisema mashine ina hasira leo.

Usicheke, na wewe unayo ya kwako. Nani hajamwona mtu wa Windows anabofya kulia na kugonga "Refresh" mara sita mfululizo, eti kompyuta ipate kasi? Kazi ya kitu kile ni kuonyesha upya vilivyopo kwenye dirisha, kasi haimo. Na kwenye simu, nani hafagii programu zote zilizofunguliwa ili chaji ikae? Mwaka 2016 mteja mmoja aliuliza kama hilo lina faida kwenye iPhone, na Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, akajibu kwamba yeye mwenyewe hafanyi hivyo na wala si lazima kwa ajili ya betri. Lakini ingia daladala yoyote leo, vidole vinafagia.

Utasema: kama hakidhuru, tatizo liko wapi? Hapo sasa ndipo narudi kwa yule mama.

JINA JEKUNDU

Julai 2018 tulirekodi harusi ya binti yao. Baba mtu alikuwa anaumwa, hakuweza kusimama, akaletewa kiti na kipaza sauti, akatoa nasaha kama dakika kumi na moja hivi. Ukumbi ulinyamaza. Hata wapishi walisimama mlangoni na miiko yao. Mimi nilikuwa nimeshika taa, na nakwambia mkono ulikuwa unatetemeka.

Video tuliiweka kwenye diski ya ndani ya ile iMac. Kadi za kamera zikafutwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi iliyofuata. Nakala nyingine? Hakuna. Tulikuwa hatuna desturi hiyo.

Kazi ya kuhariri ikawa haiendi. Kimpira kinazunguka asubuhi mpaka jioni. Bosi ananiambia rekebisha ruhusa, narekebisha. Kesho tena. Keshokutwa tena. Wiki tatu nzima.

Na katika wiki hizo tatu, msomaji wangu, kuna kitu nilikiona. Kwenye dirisha lile lile la Disk Utility, upande wa kushoto, jina la diski lilikuwa limebadilika rangi. Lilikuwa jekundu. Mimi nilikuwa nabofya jina la chini yake, nakwenda kwenye kitufe changu. Siku moja nikamwambia bosi: "Kaka, mbona hapa pamekuwa pekundu?" Akaniambia: "Hiyo kawaida dogo, we maliza ruhusa."

Haikuwa kawaida. Diski nyingi zina kipimo cha ndani kinachoitwa SMART, ambacho kinahesabu makosa ya diski yenyewe. Kipimo hicho kikiona hali ni mbaya, Disk Utility inaliweka jina la diski katika rangi nyekundu, na ukilibofya utaona imeandikwa kwamba diski inaelekea kufa, hamisha vitu vyako na uibadilishe. Kwa hiyo jibu la ugonjwa wetu lilikuwa hapo hapo, nusu inchi juu ya mahali nilipokuwa nabofya kila siku. Na kwa diski mahututi kama ile, kila dakika ya kuizungusha ni hatari. Sisi kila siku tulikuwa tunaisomesha maelfu ya mafaili kukagua makufuli, wakati tungeweza kuokoa video.

Mwanzoni mwa Septemba ikaanza kulia: tik, tik, tik. Siku ya pili haikuwaka. Tukaipeleka kwa fundi Kariakoo, akahangaika nayo siku nne, akaambulia picha za mnato chache na vipande vya video visivyofunguka. Wiki hiyo hiyo yule baba akafariki dunia.

Ndiyo maana nasema kitufe kisichodhuru kinaweza kudhuru. Kitufe hakikuiua diski, ila kilitufanya tuone tayari tumeshatibu, tusitafute ugonjwa.

SASA UFANYE NINI?

Mashine yako ikianza madeko, iwe Mac au nyingine yoyote, mimi nakushauri hivi.

Kwanza kabisa, nakala. Kabla hujagusa dawa yoyote, vitu vyako viwe sehemu mbili. Mac zina Time Machine tangu mwaka 2007, haiongezewi hela, kinachotakiwa ni diski ya pembeni. Na wewe mpiga video mwenzangu, usifute kadi mpaka uone kwa macho yako nakala mbili zinafunguka.

Pili, zima na washa, halafu ACHA. Usifanye kitu kingine cha pili siku hiyo. Ukifanya mambo matatu kwa mpigo hutajua lipi limesaidia, na hapo ndipo waganga wanapozaliwa.

Tatu, kagua afya ya diski yenyewe. Disk Utility bado ipo, na kazi yake ya huduma ya kwanza siku hizi ni kukagua mpangilio wa diski, jambo la maana kuliko ruhusa. Angalia na hali ya SMART. Ukiona rangi nyekundu au ukisikia mlio usiouzoea, usigonge kitu kingine. Hamisha vitu vyako.

Nne, fungua akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye mashine hiyo hiyo, ingia humo, ujaribu. Tatizo likipotea, basi liko kwenye mafaili yako binafsi, mahali ambapo kitufe kile hakikuwahi kufika.

Tano, ukikutana na mtu anayekudai hela ili akurekebishie ruhusa za mfumo kwenye Mac ya kisasa, mshukuru, uagize soda yako, uondoke.

SEKUNDE AROBAINI

Yule mama hatukumdanganya. Bosi alishindwa kutoka chumba cha ndani, nikamweleza mimi. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Alisema tu: "Mwanangu, hata dakika moja mtakuwa hamna?"

Nikakumbuka kionjo. Siku mbili baada ya harusi bosi alikata kipande cha sekunde arobaini, akamtumia bibi harusi aweke kwenye simu. Kilikuwa bado kimo kwenye simu yangu. Nikakifungua. Keki, maua, watu wanacheza, halafu baba yupo kwenye kiti chake, anasema: "Mwanangu, ukifika huko..." Na kabla hajamaliza, muziki unaingia. Bosi alitaka kionjo kichangamke.

Mama alikiangalia mara nne. Kisha akanipa simu yake nimtumie, akasimama, akafunga mtandio vizuri.

"Ahsante baba," akaniambia. "Unajua alikuwa anasema nini hapo mbele?"

Nilikuwepo, nimeshika taa, mkono unatetemeka. Nikamwambia ninayoyakumbuka. Hayakufika dakika moja.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Na leo, kabla hujalala, nakili vitu vyako.